Kompyuta ya Kwenda Shamba

Mwaka 2008 umeme ulikatika Unguja nzima. Haukurudi siku ile, wala wiki ile. Mji Mkongwe ukajaa milio ya jenereta. Kila duka lilikuwa na mlio wake. Moja linakoroma, jengine linakohoa, jengine linapiga kelele kama mtu anayegombana na jirani.

Mimi na mjukuu wangu Nadra tunakaa Malindi, karibu na bandari. Wazazi wake wako Pemba. Alipomaliza chuo cha ufundi alibaki kwangu. Siku zile tulikuwa tukiamka alfajiri kwenda kuteka maji kisimani. Mifereji ya nyumbani, ile ya bomba, ilikuwa imekauka, maana pampu za maji nazo zinataka umeme.

Njiani Nadra alikuwa akisimama na ndoo yake, anasikiliza.

"Bibi, unaisikia ile ya dukani? Inakosa hewa. Chujio lake limeziba."

"Mwanangu, mimi nnasikia kelele tu."

"Hizo si kelele, bibi. Inaomba msaada."

Basi siku nyengine aliweka ndoo chini, akaingia dukani akamwambia mwenye duka. Mwenye duka akacheka kwanza. Kisha akafungua chujio, akakuta limejaa vumbi. Siku ya pili alitupatia maji ya kunywa, chupa nzima baridi. Sijui aliyapoza wapi.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai, simu ya Nadra ikalia. Aliyepiga ni Bwana Mansour. Huyu ana karakana ya kutengeneza jenereta, na Nadra alikuwa akifuatana na mafundi wake wakubwa. Nadra alisikiliza. Macho yakamtoka. Akasema "naam, naam," kisha akaruka mpaka chai ikamwagika.

"Bibi! Ananipa upande wa kusini! Bwejuu, Paje, Makunduchi! Nnakwenda kuwa fundi peke yangu!"

"Alhamdulillahi! Njoo nikukumbatie. Ngoja, kwanza weka hicho kikombe."

Nadra akakaa. Uso wake ukabadilika kidogo.

"Lakini kuna sharti, bibi. Jenereta za siku hizi zina kisanduku ndani yake. Kisanduku hicho kinajua kila ugonjwa wa jenereta. Ukitaka kikwambie, unakiunga kwa waya na kompyuta ya mkononi. Kila fundi wa Bwana Mansour ana kompyuta yake mwenyewe. Nisipokuwa nayo mpaka Jumatatu, nafasi anapewa mtu mwengine. Watu wa shamba, vijijini huko, hawana maji, hawawezi kuningoja mimi."

Jumatatu ilikuwa karibu. Sikujua kompyuta inauzwa wapi wala inachaguliwa vipi.

Habari njema haikai ndani ya nyumba moja. Alasiri ile ile alitujia Tamima. Tamima ni mdogo wake mama yake Nadra, khalati yake. Anaishi Maskati, na alikuja Unguja kwa harusi. Aliingia na boksi kubwa mikononi, hata viatu hajavua.

"Nimesikia! Nimesikia!" alisema. "Nadra, fungua boksi!"

Ndani mlikuwa na kompyuta ya mkononi, mpya, rangi ya fedha. Inang'aa kama sinia la harusi. Kioo chake kipana. Juu yake pana kijitundu cha kupigia picha.

"Niliileta kukupa siku utakayopata kazi," alisema Tamima. "Nilikuwa nimeificha kabatini. Nikajua tu utaipata."

Nadra alilia kwa furaha. Mimi pia. Mtu kukununulia zawadi ya kazi kabla hujaipata hiyo kazi, hiyo ni imani kubwa.

Sasa, nyumba zetu za mjini zina desturi moja. Kitu kipya hakivuliwi nailoni yake. Kochi linakaa na nailoni mpaka ichanike. Rimoti ya televisheni inakaa na nailoni mpaka namba zisionekane. Tamima hakutosheka na nailoni ya dukani. Alileta nailoni nzito ya kutandika mezani. Akaikata, akaivisha kompyuta chini na ubavuni, akabandika kwa tepu. Aliacha kioo na vitufe vya herufi tu.

"Vumbi la shamba haliingii hapa," alisema. "Nadra, usiivue!"

"Siivui, khalati," alisema Nadra.

Hakuna aliyeona kosa. Tuliona imevaa vizuri.

Jumamosi Bwana Mansour alimchukua Nadra kwenda Fumba kumjaribu. Huko kuna ghala la barafu ya samaki, na jenereta yake ilikuwa inasumbua. Nadra aliondoka na wimbo mdomoni. Magharibi alirudi kimya. Aliweka mkoba juu ya kochi, akakaa sakafuni.

"Vipi, mwanangu?"

"Imenikataa, bibi."

"Jenereta?"

"Kompyuta."

Nilimpa maji. Akaanza kunieleza, neno moja moja.

"Jenereta ile iko nje, juani. Nikaifungua kompyuta. Kioo chake kinang'aa kama cha kujitazamia. Niliiona pua yangu tu! Bwana Mansour, maskini, akavua koti lake akanishikia juu ya kichwa ili nipate kivuli. Nikachukua waya wa jenereta. Nikatafuta tundu la kuuchomeka. Halipo. Waya ule una pini tisa, na kompyuta hii haina tundu la pini tisa. Nikiwa bado nnatafuta, kompyuta ikawa ya moto. Moto, bibi, kama pasi. Ikazimika."

"Bwana Mansour alikasirika?"

"Hakukasirika. Alikunja koti lake akasema, 'Nadra, mikono yako naiamini. Lakini Jumatatu tunakwenda Bwejuu. Pampu ya kijiji imesimama na watu hawana maji. Njoo na kompyuta itakayofanya kazi. Ikishindikana, itabidi nimpeleke mwengine.'"

"Basi tumwambie Tamima, tubadilishe."

Nadra alinishika mkono.

"Usimwambie, bibi, tafadhali. Ametoka nayo Maskati. Aliificha kabatini, kwa ajili yangu. Zawadi hairudishwi. Bora nikose kazi."

Nilimtazama. Moyo wake mzuri ulikuwa unamfungia mlango. Lakini kumlazimisha sikutaka.

"Haya," nilisema. "Hatumwambii kitu. Tutakwenda naye."

"Wapi?"

"Kwa Kawthar."

Kawthar ni jirani yetu, mtaa wa nyuma. Ni fundi wa kompyuta, na anauza kompyuta zilizotumika. Watu wanamwendea kwa sababu hana haraka. Atakueleza mpaka uelewe, hata kama hununui kitu.

Jumapili asubuhi tulikwenda watatu. Tamima alikuja kwa furaha. Alidhani tunakwenda kuionyesha kompyuta yake.

"Hodi!"

"Karibuni! Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Kaeni, kaeni."

Duka lake lilikuwa na jenereta ndogo na feni moja. Feni ilikuwa inampuliza yeye. Kabla ya kuuliza shida yetu, aliigeuza ikanipuliza mimi. Niliona.

Nadra akatoa kompyuta. Kawthar hakuigusa.

"Hii tutaitazama baadaye," alisema. "Kwanza niambie kazi yako. Unafanya nini, na unaifanyia wapi?"

"Nnatengeneza jenereta. Nnakwenda shamba, nyuma ya gari au kwa pikipiki. Nnafanya kazi juani, kwenye vumbi na hewa ya bahari."

"Na umeme huko upo?"

"Umeme ungekuwepo wasingeniita!"

Sote tukacheka.

"Programu unayotumia ni nzito?" aliuliza Kawthar. "Ina picha nyingi?"

"Hapana. Inaonyesha nambari na maneno tu."

"Basi wewe huhitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Unahitaji yenye mwili imara, betri ya kudumu, kioo kinachosomeka juani, na tundu la waya wako. Mambo mengine ni mapambo."

Tamima alijiweka sawa kwenye kiti.

"Lakini hii ni mpya," alisema. "Kubwa. Ina kamera. Nimeinunua duka la maana, si mtumba!"

"Ni nzuri sana, khalati," alisema Kawthar. "Wallahi nzuri. Ningeipata mimi ningefurahi. Lakini hebu niruhusu."

Aliiwasha. Tukangoja kidogo. Kisha akachukua mkono wa Tamima akauweka ubavuni mwa kompyuta, juu ya nailoni.

"Unasikia nini?"

"Joto. Eh! Joto sana!"

Kawthar akachana tepu, akavua nailoni polepole. Ubavuni mlikuwa na vitundu vidogo vidogo. Akaurudisha mkono wa Tamima pale pale.

"Na sasa?"

"Upepo!" Tamima alishtuka. "Inatoa upepo!"

"Ndani mna kifeni. Kompyuta inapumua kwa vitundu hivi. Vikizibwa, inapata joto, inazimika. Ikizidi, inaharibika kabisa. Nailoni, kitambaa, mto, godoro, vyote vinaziba."

"Yallah! Mimi nimeiziba pua!" Tamima alijifunika uso kwa buibui. "Si mimi tu, nyumba nzima tumeisifia!"

"Mimi nilisema imevaa vizuri," nilisema.

Nadra alicheka mara ya kwanza tangu Fumba. Lakini aliacha upesi, akatazama chini. Tamima alimwona.

"Nadra. Kuna jambo."

Nadra akaanza kuikunja ile nailoni.

"Kawthar," alisema Tamima, "nambie wewe kweli. Pua tumeizibua. Sasa itamfaa?"

Kawthar alimtazama Nadra, kisha akajibu kwa upole.

"Joto limekwisha, khalati. Lakini tundu la waya wake halimo. Kioo chake hakisomeki juani. Betri yake ni ya muda mfupi. Na mwili wake ni plastiki laini, haujatengenezwa kwa kurushwarushwa nyuma ya gari. Hii ni ya kukaa mezani, ofisini au nyumbani. Utatazama picha za harusi mpaka uchoke. Lakini shamba, hapana. Ni kama viatu vyako hivyo vya kisigino. Vizuri, lakini huendi navyo mwambani kuchokoa pweza."

Nadra aliuma mdomo. Mimi nilishika tasbihi yangu. Tamima alitazama viatu vyake, vyekundu, vyenye kisigino kirefu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kwa hivyo nimempa mtoto viatu vya harusi aende navyo pwezani!"

Kisha akamgeukia Nadra.

"Na wewe, kwa nini hukunambia?"

"Nliona haya, khalati. Umeileta kutoka mbali."

"Haya zako zingekukosesha kazi! Mimi nilitaka ufanye kazi, mwanangu. Sikutaka uweke pambo sebuleni. Kawthar, ukiichukua hii utaiuza?"

"Leo hii. Kuna mwalimu ananiulizia kompyuta mpya yenye kioo kikubwa, ya kukaa nayo ofisini. Itakuwa yake."

"Basi muuzie. Na kwa fedha zitakazopatikana, mpe Nadra kinachomfaa. Zawadi yangu ni ile ile, imebadilisha nguo tu."

Nadra alimrukia shingoni. Nilimshukuru Mungu. Mtu kutoa zawadi ni wema. Lakini kukubali kuwa zawadi haikufaa, na kucheka, ni wema mkubwa zaidi.

Kawthar akatupeleka kwenye rafu ya kompyuta zilizotumika.

"Hizi zilikuwa za maofisi na makampuni ya ng'ambo," alisema. "Zilitengenezwa kwa watu wa kazi. Mpya ni ghali sana. Zikishatumika, bei inashuka, lakini mwili bado mzima. Na vipuri vyake vinapatikana hapa Unguja na Dar es Salaam. Hilo ni muhimu. Kitu kikikosa vipuri, kikiharibika kimekwisha. Haya, Nadra, chagua."

"Mimi? Si unichagulie wewe?"

"Mimi ni muuzaji. Kazi yangu kuuza. Kazi yako kukagua. Usione haya kukataa."

Nadra akachukua moja, safi, haina mkwaruzo. Akaifungua na kuifunga. Akachungulia matundu ya ubavuni kwa tochi ya simu.

"Hii ina kutu ya kijani ndani ya tundu."

"Vizuri!" alisema Kawthar. "Maana yake nini?"

"Imekaa kwenye hewa ya chumvi. Nje safi, ndani inaliwa."

"Irudishe. Hiyo nimeiweka kwa vipuri, nilitaka nione kama utaiona."

"Mjanja wewe!" alisema Tamima.

Nadra akachukua nyengine. Hii ilikuwa nyeusi, nene, imekwaruzwa mgongoni. Tamima akakunja pua.

"Subhanallah! Hili nalo? Jeusi kama chini ya sufuria!"

"Chini ya sufuria ndipo panapokaa motoni, khalati," alisema Nadra. Alikuwa ameshaanza kuchangamka.

Aliikagua polepole, na Kawthar anamweleza. Alifungua mfuniko, akauachia katikati. Mfuniko ukasimama pale pale, haukuanguka. Maana yake bawaba bado zina nguvu. Alibonyeza mgongo kwa kidole, haukubonyea. Alibonyeza kila kitufe cha herufi, kila kimoja kikaandika. Aliweka sikio karibu na diski, pahala panapohifadhiwa kazi, akasikiliza kama anavyosikiliza jenereta.

"Inazunguka vizuri. Haigongi."

"Ikigonga, kimbia," alisema Kawthar. "Siku moja utafungua na kazi zako zote zimepotea. Hata hii nzima, weka nakala ya programu yako pahala pengine."

Kisha Nadra akaigeuza nyuma. Akapiga ukelele mpaka paka aliyelala mlangoni akakimbia.

"Tundu! Bibi, tundu la pini tisa!"

Akatoa waya wa jenereta kwenye mkoba. Ukaingia pale pale, ukakaa.

"Na kama halipo," aliuliza, "siwezi kununua kiunganishi?"

"Viunganishi vipo," alisema Kawthar. "Kwa jenereta nyengine vinakubali, kwa nyengine vinakataa. Ukiwa na tundu lenyewe, unalala usingizi. Sasa twende nje."

Tukatoka sote uchochoroni, palipokuwa na jua kali. Nadra akaishika kompyuta juani. Kioo chake hakikung'aa. Kilikuwa kimefifia kidogo kama karatasi, na maneno yanasomeka. Hata mimi niliyajua. Nilisoma "fungua", nikasoma "hifadhi". Watu waliopita wakasimama kutazama. Mchukuzi mmoja wa bandarini aliuliza kama tunatazama mpira.

Iliyobaki ni betri. Kawthar akachomoa chaja, akatutengenezea chai ya tangawizi. Tukakaa, tukazungumza. Betri haikufika hata mwisho wa chai ya pili. Kompyuta ikazimika.

Tamima alishika kichwa. "Nlijua tu!"

"Hilo ni la kawaida," alisema Kawthar. "Betri inachoka, kama mtu. Kompyuta iliyotumika, hesabu kabisa kwamba utanunua betri mpya. Ndiyo maana usimalize fedha zote kwenye kompyuta."

Bei ya ile nyeusi ilikuwa chini ya nusu ya ile mpya. Kwa hivyo fedha zilizobaki zilitosha kununua betri mpya, chaja ya kuchomeka kwenye gari, na mkoba wenye sifongo nene ndani. Kawthar akaiweka ile betri mpya, akahamishia humo programu ya jenereta kutoka ile ya Tamima, tukaijaribu tena. Adhana ya adhuhuri ikatukuta pale, na alasiri ikatukuta pale pale. Betri bado inakwenda. Kawthar akatuandikia risiti, akaandika na nambari ya mashine.

"Bila ya risiti usinunue popote," alimwambia Nadra. "Unaweza kuuziwa kitu cha wizi. Ikikusumbua ndani ya miezi mitatu, irudishe. Na kila ukirudi pwani, ifute kwa kitambaa kikavu. Chumvi isilale juu yake."

Jumatatu tulikwenda Bwejuu. Nasema tulikwenda, kwa sababu wifi yangu anakaa huko na nilikuwa sijamwona siku nyingi. Bwana Mansour alisema, "Panda mbele, Bi Mwatum," yeye mwenyewe akaendesha. Nadra alikaa nyuma, amepakata mkoba wa kompyuta kama amepakata mtoto mchanga. Chaja ilikuwa imechomekwa kwenye gari.

Kibanda cha pampu kilikuwa pembeni ya kijiji. Ndoo na madumu yalikuwa yamepangwa toka mlangoni mpaka barabarani. Mengine yamekaa peke yake, wenyewe wamechoka kungoja wakaenda majumbani. Mwangalizi wa pampu, jina lake Makungu, alitupokea kwa mikono miwili.

"Inawaka," alisema, "inanguruma kidogo, inazima. Tumebadilisha dizeli. Tumebadilisha chujio. Tumeisomea hata dua. Inazima tu."

Mwanamke mmoja alikuwa mbele ya foleni, ndoo kiunoni. Jina lake Sichana.

"Bwana Mansour, fundi yuko wapi?"

"Huyu hapa."

Sichana alimtazama Nadra toka juu mpaka chini.

"Huyu? Huyu si mtoto wa skuli? Sisi tunaoga maji ya bahari hapa!"

"Ntakutoa chumvi leo, dada," alisema Nadra. Wanawake wakaguna na kucheka.

Bwana Mansour alirudi nyuma, akakaa juu ya jiwe karibu yangu. Alimwachia nafasi yake.

Nadra akaweka kompyuta juu ya pipa, nje, juani. Vumbi linapeperuka. Akachomeka waya kwenye kisanduku cha jenereta, upande wa pili akauchomeka kwenye kompyuta. Akafungua programu. Maneno yakatokea kwenye kioo. Alinyanyuka na kukaa tena.

"Kinasema! Makungu, kinasema!"

"Kinasema nini?"

"Kinasema oili ya injini haina presha. Ndiyo maana inajizima, inajilinda isiungue."

"Oili imejaa!" alisema Makungu. "Nimeitia mwenyewe."

Nadra akachomoa kijiti cha kupimia. Kweli, oili imejaa. Wanawake walinong'ona. Sichana akaweka ndoo chini. Nadra alifikiri kidogo. Kisha akafunga geji ya mkono, kipimo cha presha, kwenye injini, akamwambia Makungu awashe. Jenereta ikanguruma. Nadra akaitazama geji. Akaitazama kompyuta. Jenereta ikazima.

"Geji inasema presha ipo nzuri," alisema polepole. "Kompyuta inasema kisanduku hakioni presha hata kidogo. Kwa hivyo injini ni nzima. Habari yake haifiki."

Akaufuata waya mmoja kwa kidole, toka kwenye injini, chini ya bomba, mpaka nyuma. Akaingiza mkono. Akatoa kiungo cha waya. Kilikuwa kijani kitupu kwa kutu.

"Chumvi!" alisema. "Chumvi ya bahari imekula waya!"

Kazi haikuwa ya mara moja. Waya ulikuwa umeoza ndani, ikabidi aukate na kuuunga upya. Kila akisafisha kidogo, anarudi kutazama kompyuta. Jua lilipanda, likaanza kushuka. Wifi yangu alituletea wali na mchuzi wa pweza. Nadra alikula kwa mkono mmoja. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi muda wote, juu ya lile pipa, na betri haikulia hata mara moja. Mara nyengine alikuwa anaipapasa mgongoni, pale penye mikwaruzo.

Mwisho alisimama.

"Washa."

Makungu akawasha. Jenereta ikanguruma. Sote tukatazama kioo. Nambari ya presha ikapanda. Ikapanda tena. Ikatulia. Tulingoja izime. Haikuzima. Tukangoja zaidi. Bado inanguruma. Nadra alifumba macho akaisikiliza, uso wake umefunguka.

"Fungua maji!" alipiga kelele.

Mfereji ukakohoa. Ukatoa hewa, ukatoa maji ya udongo, kisha maji meupe safi. Vigelegele vikapasua kijiji. Waliokuwa wamekwenda majumbani walirudi mbio. Sichana alijaza ndoo ya kwanza, akaibeba mpaka kwa Nadra. Akachota kwa kiganja, akamnawisha uso uliojaa vumbi na oili, kama mama anavyomnawisha mwanawe.

"Nisamehe, fundi," alisema.

"Tushasameheana, dada. Oga wewe kwanza."

Bwana Mansour alisimama, akajikung'uta mchanga.

"Kesho Makunduchi," alimwambia Nadra. "Utakwenda na dereva. Mimi siji."

"Peke yangu?"

"Una kompyuta yako. Unanitakia nini mimi?"

Nadra alinitazama.

Makungu alikuwa amekwenda mlangoni mwa kibanda. Pale mlangoni huandikwa kwa chaki jina la fundi wa kumwita pampu ikiharibika. Alilifuta jina la zamani kwa kiganja, akatafuta kipande cha chaki mfukoni.

"Jina lako nani, fundi?"

Nadra akamwambia. Makungu akaandika herufi kubwa. Sichana akasimama nyuma yake.

"Na simu yake iandike chini," alisema. "Tusije tukamtafuta mji mzima!"

Mimi nilisogea karibu, nikalisoma jina la mjukuu wangu, herufi kwa herufi, kwa sauti, ili wote wasikie.